Mkeka wa Hadassa wafungwa Vulamba

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeikalia Vulamba, sehemu ya Butembo ambako baridi haina adabu. Hadassa Maliro amekwisha kuketi mlangoni, mikono ndani ya karai la maji. Analowesha ukindu. Ukisukwa mkavu, anasema, hukatika upesi kuliko ahadi ya askari.

Vidole vimekakamaa. Anavipuliza, anacheka, anaendelea. Mkeka mmoja humchukua siku nne, na ukindu wenyewe huletwa na lori kutoka Beni, lori likipenda.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Kamango, karibu na mpaka wa Uganda, kwenye joto na michikichi. Ni Mtalinga, na hadi vita vilipomfukuza mwaka 1999, hakuwahi kuishi mahali ambapo jirani hajui lugha ya mama yake.

Nyuma yake, ukutani, umesimamishwa mkeka mmoja asiouuza. Huo aliusuka mama yake.

Kwao, msukaji hamalizi mkeka wa nyumba, ule unaotandikwa sebuleni. Huacha ncha za ukindu zikining'inia upande mmoja, halafu wanawake wa ukoo huketi juu yake kwa safu, kila mmoja akifunga ncha zilizo mbele yake.

"Mama aliniambia, mukeka hauko wa ule mwenye aliusuka," anasema. "Ni wa benye batakaa juu yake. Njo maana tunabaachia upande wa mwisho."

Ukoo ulitazamiwa kukusanyika Jumapili. Watu wenye silaha wakafika Ijumaa. Mama na binti walikimbia na mkeka umekunjwa, ncha wazi. Shangazi na binamu wametawanyika hata leo. Wawili hao walitembea siku sita hadi Beni, na huko homa ikamuua mama. Hadassa akapanda hadi Butembo peke yake.

Kanisa la Kiprotestanti la Vulamba aliliingia bila nia. "Niliingia juu ya kukimbia mvua tu. Nikakaa karibu na mulango. Banaimba Kinande, sisikii kitu."

Mwanamke mmoja mnene alisogea kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja: kaa hapa. Akamsalimu kwa Kinande, lugha ya wenyeji, "Wavukire," kisha akamrudishia neno hilo polepole mpaka mgeni akaweza kulijibu. Huyo ni Mama Kavira, muuza vitenge sokoni, asiyetembea bila mkasi ndani ya mkoba. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete.

Mwaka huu wa 2002, Mchungaji Paulin aliomba jambo jipya kwa Jumapili ya mavuno: pamoja na viazi na maharagwe, kila mtu alete kitu cha nyumba ya mababu zake. Hadassa alipiga moyo konde, akautandaza mkeka uani upate jua, akaenda kuchota maji.

Kavira akapita. Akaziona ncha zinaning'inia. Akadhani kazi haijaisha, na rafiki yake ataaibika mbele ya kanisa zima. Akatoa mkasi, akazikata zote, sawasawa kama ukingo wa kitenge.

"Nilitaka kumusaidia," anasema Kavira, na hata leo hamtazami mtu anapoisimulia. "Mais, lakini angalia vile nilifanya."

Ncha zilizokatwa hazifungiki. Hadassa alilia mpaka jioni. "Sikumutukana. Mais sikumujibu pia."

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo tunavyoambiwa. Lakini mkeka si maji. Jumapili, ibada ilipokwisha, Hadassa aliutandika uani mwa kanisa, akaeleza desturi ya kwao. Kisha akaanza kuufumua. Alifumua shibiri moja nzima, mistari ya mwisho aliyoisuka mama yake.

"Ilikuwa mikono ya mama njo nilikuwa nafungua," anasema. "Iliniuma sana."

Shibiri hiyo ilitoa ncha mpya. Akawaita akina mama waketi. Kumi na mmoja wakakaa kwa safu, viatu pembeni. Kavira alibaki amesimama.

"Miye hapana, dada. Hii mikono imeharibu."

"Weye njo utaanza," Hadassa akamjibu.

Kavira akaketi, akafunga, machozi yakimdondokea mapajani. Wengine wakafuata, kila mmoja na fundo lake, mengine mazuri, mengine ya kuchekesha kabisa. Hadassa hakuyarekebisha.

Sasa, kila Jumamosi, anawafundisha wasichana saba wa kanisa kusuka. Anataka wajue kabla hajaondoka, kwa maana amani ikija atarudi Kamango, na mkeka uliopungua shibiri moja utatandikwa sebuleni.

Namuuliza kama wenzake wa Vulamba watafika mbali kote huko. Anaupapasa ukingo wa mkeka wa mama yake, fundo moja baada ya jingine, akiyataja majina yao.

"Batakuja. Na bakifika, hakuna kupiga hodi. Mwenye alifunga mukeka, ile ni nyumba yake."