Taa ya Wageni

Kila Novemba, jua la Hayes, mji wa ughaibuni, lilipoanza kuzama saa kumi jioni, Laurette alizama nalo. Mwanamke ambaye kicheko chake kiligeuza vichwa vya basi zima alitoka kusafisha ofisi za uwanja wa ndege, akajitupa kitandani na koti lake. Mwaka huu hali ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa amekosa mazoezi ya kwaya, na mchungaji alisema akikosa tena, wimbo wa Krismasi utaongozwa na mwanakwaya mwenzake, Noëlla. Na kuimba ndicho kitu pekee alichotoka nacho Bukavu kikiwa kizima.

Daktari alimweleza kuwa si uvivu wala pepo. Ni ugonjwa wa huzuni unaorudi majira ya baridi, mwanga unapopungua. Atembee mchana, na kila asubuhi akae karibu na taa maalumu yenye mwanga mkali. Laurette akainunua, akaiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufuma, akarudi kulala.

Sushila, jirani yake mzee aliyezaliwa Mwanza, akaja kubisha hodi bila taarifa. Siku hizi hilo ni kosa. Watu wa mtaa mmoja huandikiana ujumbe wiki nzima kabla ya kunywa chai, kama wanaomba kuonana na waziri. Sushila hakujua adabu hizo mpya, wala hakutaka kuzijua.

"Laurette, mwanangu, hii nini umeivisha shela?"

"Taa ya daktari. Ni ya bageni, bana. Kitu kizuri hivi nikiwashe peke yangu?"

"Wageni gani?"

Laurette akafikiri. Hakuwa amepata mgeni tangu Pasaka.

Sushila akacheka mpaka akashika ukuta. "Dawa umewawekea wageni! Haya, mgeni ni mimi. Kesho asubuhi nakuja. Chai ichemshwe na tangawizi, usinitupie kifuko cha majani kikombeni kama mfungwa."

Akaja kweli, tena na tena. Mgeni hapokelewi na mtu aliyelala, basi Laurette akawa anaamka, anaoga, anawasha taa, wanakaa kando yake wakiwasengenya majirani. Mchana Sushila alimburuta hadi kwenye mfereji kutazama bata.

"Tembea! Magoti yangu ni ya chuma cha hospitali, na bado nakupita!"

Huzuni haikuondoka mara moja. Lakini Jumamosi ya mazoezi Laurette alivaa kitenge juu ya sweta mbili, na koti juu ya vyote, akapanda basi. Noëlla, aliyekwisha kusimama mbele, akamwona mlangoni.

"Mama Laurette! Afadhali! Hii sauti ya juu ilitaka kuniua."

Laurette akavua koti, akaanza. Sauti ilitoka na mikwaruzo, lakini ilitoka, na wanaume wa besi wakaidaka.