Simu ya Heulwen

Watu wanaosema kazi yetu ni kutazama vichupa tu wananichefua. Njoo basi ukae siku moja na Heulwen Prosser kwenye maabara ya damu ya hospitali yetu, huku mabondeni Wales, halafu uniambie tena. Mfuko mmoja wa damu ukienda kwa mtu siye, mwenzako anakufa huku wewe unakunywa chai. Ndiyo maana jina la kazi yetu linalindwa na sheria. Huwezi kujiita mwanasayansi wa maabara ya tiba kama humo kwenye rejesta ya baraza la taaluma yetu. Wakikufuta, hata uwe hodari namna gani, nenda kauze viazi.

Heulwen aliingia hospitali akiwa muosha vyombo vya maabara. Akasoma jioni baada ya kazi, watoto wakimlilia mlangoni, akafanya mitihani, akahojiwa, na mvi zilikuwa zimeshamtoka ndipo akasajiliwa. Mumewe Idwal, dereva wa basi, alizunguka kanisani na simu yake akiwaonyesha watu jina la mkewe kwenye tovuti ya baraza. "Soma hapo! Prosser! Huyo mke wangu!" Heulwen alimfinya ubavuni, lakini alikuwa anacheka.

Sasa, hapa kwetu majina ya ukoo ni machache, ukirusha jiwe utampiga Davies au Jones, kwa hiyo tunaitana kwa kazi zetu. Kuna Mair Davies wa Mkate, mwenye duka la mikate, na kuna Mair Davies wa Posta. Maabara haitaki kujua hayo. Unasoma jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali, kwa sauti, kila mara. Heulwen ndiye aliyenifundisha hivyo, tena kwa ukali.

Alasiri moja ya mvua, mtambo wa kusoma lebo ukiwa umegoma, Rhian, nesi wa wodi ya upasuaji, alipiga simu. "Heulwen mpenzi, nipe damu ya Mair wa Mkate haraka, anavuja vibaya huyu mama."

Mair wa Mkate! Heulwen amekula mikate ya mama huyo tangu yuko chekechea. Akafungua friji, akaona mfuko ulioandikwa Mair Davies, mkono ukaenda wenyewe. Namba hakuisoma. Unamsomea namba mtu unayemjua hivyo? Mhudumu akauchukua mfuko, akaondoka nao mbio.

Heulwen alikuwa ameshainua kikombe chake cha chai. Nikamwona anakiweka chini taratibu, uso umemshuka.

"Beti," akaniambia, "Mair wa Mkate ni kundi O. Nilimpima mwenyewe asubuhi. Ule mfuko ulikuwa A."

Hakungoja nijibu. Aliirukia simu. "Rhian! Simamisha damu! Usifungue mrija, sio yake, ni ya Mair wa Posta wa wodi nyingine!"

Rhian alikuwa ameshautundika, vidole viko kwenye kibanio cha mrija. Naye hakuwa amesoma kitambulisho alichofungwa mgonjwa mkononi, maana naye anamjua Mair. Tukapeleka mfuko sahihi. Baadaye Rhian akapiga tena, ananong'ona. "Halijaingia hata tone, Heulwen. Nikurudishie huo mwingine kimyakimya yaishe. Nani atajua?"

"Nimeshaanza kuandika ripoti," alisema Heulwen. "Na wewe kaandike yako." Alipokata simu, akakimbilia sinki akatapika.

Alimwendea Mair mwenyewe kitandani akamweleza. Mair, na mirija yake yote, akamtazama weee. "Ulitaka kuniua, Heulwen? Halafu nani angekuokea mikate, wale wa supamaketi ya Tesco?" Wodi nzima ilicheka. Heulwen hakucheka.

Kisha akajiripoti kwa baraza, kama sheria inavyotaka. Hapo ndipo hofu ilipohamia nyumbani kwao. Uchunguzi wa baraza hauna haraka, jamani! Majira yakapita, sisi tunangoja. Kazini alipangiwa kazi nyingine, haruhusiwi kupeleka damu wodini hata mfuko mmoja. Gari la posta likipita mtaani anashika ukingo wa meza. Idwal aliniambia mkewe anafungua tovuti ya baraza kabla hata ya kuvaa viatu, anatafuta jina lake, akilikuta ndiyo anapumua. Alikonda mpaka koti la kazi likawa linamning'inia. Na mimi niliogopa, nisidanganye. Kila nikishika mfuko nilijiuliza kama kesho ni zamu yangu.

Siku ya kusikilizwa shauri tulikaa jikoni kwake mbele ya kompyuta. Mimi niliruhusiwa kuwa naye kumpa moyo. Idwal alifukuzwa, akabaki nyuma ya mlango anahema kama ng'ombe. Kwenye kioo walikuwa wajumbe wa jopo, na mwenyekiti wao mzee mwenye sauti ya upole. Upole ule ulinitisha kuliko kelele.

"Bibi Prosser," akauliza, "jambo kama hili likitokea kesho, utapiga simu?"

Jibu si lipo wazi? Sema ndiyo, mama, twende zetu! Lakini Heulwen alijisogeza karibu na kioo.

"Ningependa kusema ndiyo," akasema. "Siku ile sikufikiri, nilipiga tu. Sasa nimeishi na woga muda wote huu. Sijui tena mkono wangu utafanya nini. Mkinifuta, nitalia. Ila hilo la mkono ndilo linaloninyima usingizi."

Nikajua kwisha habari yake. Walijadiliana faraghani, sisi tunatazama kioo kitupu, kisha wakarudi wakasema kosa alilitaja mwenyewe wala hakuficha kitu, jina lake libaki. Idwal aliingia akilia ndani ya taulo la vyombo.

Akarudi maabara. Mfuko wake wa kwanza ulikuwa wa mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Aliusoma kwa sauti, jina, tarehe, namba, mimi nimesimama pembeni nasikiliza. Mhudumu akaenda nao. Mara Heulwen akanigeukia.

"Beti, tarehe ya kuzaliwa nimeisoma?"

"Umeisoma. Nimekusikia."

"Una hakika?"

"Heulwen, acha! Ukipiga sasa watasema umechanganyikiwa, na baraza ndiyo kwanza limekuachia."

Akaitazama simu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akaunyosha mkono, akaurudisha, akaufuta kwenye koti. Nilitaka kumshika mabega nimketishe. Kisha akainua simu.

"Rhian, simamisha damu. Nisomee kitambulisho chake, chote."

Rhian akasoma. Kila kitu kilikuwa sawa. Nilimsikia kutoka nilipokuwa: "Ni yake, we mama! Utatuua kwa presha!"

Heulwen aliirudisha simu mahali pake, akaketi kwenye stuli, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Nimepiga, Beti," akasema. "Umeniona, eh? Nimepiga."