Msiba wa Alois Unahamishwa

Wanaosema leo kwamba watu wa ziwani walihamia vijijini kwa hiari yao hawakuwahi kukaa na Emerensiana. Mimi nilikaa naye Oktoba ya mwaka 1974, nilipotumwa kutoka Sumbawanga kufundisha elimu ya watu wazima katika kisiwa cha Lwamba, mwendo wa asubuhi moja kwa mtumbwi kutoka Kabwe.

Kilikuwa kisiwa cha kaya chache na utulivu mwingi. Wanawake walianika dagaa pamoja mchangani, wakatwanga muhogo pamoja, na jioni kila nyumba ilileta ugali wake katika ua mmoja. Nilipofika, ua huo ulikuwa wa Emerensiana, kwani mumewe, Alois, alikuwa amezikwa juzi yake na kisiwa kizima kilikuwa kwake kukaa matanga. Nilipewa mkeka na ungo wa kupepetea. Hakuna aliyeniuliza digrii yangu ni ya nini.

Lakini utulivu ule ulikuwa wa watu wanaotega masikio. Injini yoyote iliyosikika ziwani ilikata mazungumzo, na michi ikasimama hewani. Walijua Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini inakuja. Walijua pia, kwa habari za ndugu zao wa mwambao, kwamba kijiji kipya kilikuwa vigingi tu ndani ya nyasi, na waliotangulia walilala chini na watoto wao ilhali mvua zimekaribia. Adela, jirani aliyekuwa na mtoto mchanga, alinitazama kana kwamba ninaijua siku yenyewe. Sikuijua. Nilikuwa mtumishi wa serikali ile ile, nami niliogopa.

Emerensiana hakuondoka kwenye mkeka wake wa matanga, ambao mfiwa huukalia mpaka matanga yaanuliwe.

Boti ilikuja na mgambo pamoja na katibu kata, Felisiani, mzaliwa wa mwambao ule. Alimwamkia Emerensiana shikamoo, akampa pole, kisha akauliza matanga yataanuliwa lini.

"Nitakaposema mimi," alijibu Emerensiana. "Umesahau mila za kwenu, Ndugu Katibu, au zimezama katika hicho kitambi?"

Mgambo mmoja alicheka, akajizuia. Wote walijua kwamba mfiwa hashikwi, wala nyumba yake haiguswi, kabla ya matanga kuanuliwa. Felisiani alifikiri kidogo, akaamuru mjane aachwe alipo, wengine wote wapande boti, na nyumba zao zichomwe.

Moto uliposhika nyasi za paa la kwanza, watu walianza kupanda boti. Adela alipanda na mtoto na kanga moja. Hadi leo sijasikia kiongozi hata mmoja akiulizwa juu ya moto ule.

Ndipo Emerensiana alipoinuka, akakunja mkeka wake wa matanga, akaingia majini mpaka kiunoni na kumwekea Felisiani, aliyekwisha kuketi botini, mkeka huo magotini.

"Sijaanua," alisema. "Umewachukua wanaokaa matanga yangu; msiba huu umeuhamisha wewe, basi ni wako. Utaulisha, na utalala nje pamoja nasi mpaka niseme basi."

Kwa watu wa kule, anayehamisha msiba na kuutelekeza hungojea kifo kimfuate nyumbani kwake. Felisiani hakuthubutu kuuondoa mkeka ule magotini. Emerensiana alipanda, nami nikapanda nyuma yake.

Kijijini tulikuta vigingi, kama tulivyoambiwa. Mvua ilinyesha mapema. Felisiani, mwenye nyumba ya bati umbali mfupi tu, alilala matopeni kati ya watu aliowaleta, akikohoa, akishtuka kila mtoto alipolia. Punde, kwa amri yake, miti na nyasi za kuezekea zilipatikana, na mgambo wakageuka mafundi. Emerensiana alipita nyumba hadi nyumba, akitazama mapaa.

"Bado," alimwambia Felisiani, akaendelea mbele.

Paa la Adela lilikuwa la mwisho. Lilipokamilika, Emerensiana aliingia ndani, akakaa humo mvua ikinyesha, akapapasa sakafu kwa kiganja, akaikuta kavu. Kisha akatoka, akanyolewa nywele kama ilivyo desturi ya kuanua matanga, na kumwambia Felisiani kwamba sasa anaweza kwenda kwake.