"Mama yako nakufa": neno moja lililonichelewesha

Wakuu, heshima zenu. Hili sijawahi kuliandika popote, na sitatia chumvi hata kidogo.

Miaka ya themanini nilikuwa nauza vitambaa dukani kwa Mhindi mmoja, Malindi mjini. Mama alikuwa kwetu Kakuyuni na dada yangu Kadzo. Alikuwa akiumwa, lakini si ugonjwa wa kututisha.

Jirani yetu kule alikuwa Mutua, Mkamba, muuza maharagwe. Mtu mwema mno.

Ila Kiswahili chake kilikuwa na wakati mmoja tu. "Mvua nanyesha jana." "Kesho mimi naenda soko." Tukimcheka, naye anacheka.

Asubuhi moja akaingia dukani jasho linamtiririka, baiskeli kaitupa nje.

"Kaka, mama yako nakufa."

Nikaketi juu ya majora ya vitambaa, naye akaipanda tena baiskeli kurudi Kakuyuni. Babake Mutua alipofariki huko kwao, alitwambia hivyo hivyo: "Baba nakufa." Tukampa pole. Kwa hiyo nilielewa: mama keshafariki.

Tajiri wangu, yule Mhindi, akanikatia bafta ya sanda. Nikaenda kwa seremala, nikangoja apige randa mbao za jeneza. Nikatafuta pikapu. Sikukimbia, wakuu. Ningekimbilia nini tena?

Tulifika alasiri. Kadzo akatoka mbio, akaziona mbao, akasimama.

"Hizo za nini?"

"Si mama..."

"Mama kaondoka sasa hivi! Mchana kutwa yuakuulizia. Kila gari likipita asema, huyo kaja."

Niliingia ndani. Mkono wake ulikuwa bado na joto.

Mutua alikuwa mlangoni, analia. "Mimi nasema nakufa, kaka. Yeye nakufa."

Na kweli alisema. Ningemlaumu vipi mtu aliyeendesha baiskeli njia yote ile kwa ajili yetu?

Funzo, kama ni funzo: shuleni tulichapwa kwa ajili ya -na- na -me-, nikadhani ni udhia wa walimu tu. Kumbe kati ya vijineno hivyo viwili mamangu alikuwa akipumua, akingoja. Sarufi si pambo. Watu waliihitaji ili aliye mbali ajue kama bado kuna wa kumuwahi.

Siku hizi nikiletewa habari nauliza mpaka naonekana nina wazimu: anaumwa, au ameshaondoka?

Haijanirudishia kitu.

Kama nawe lilishakufika la namna hii, andika hapo chini. Nitasoma yote, ingawa neno la kukufariji sina.