Riwaya Niliyomsomea Baba Mkwe

Nianze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu wa mpakani hupenda kuyachanganya. Filamu za mapigano nilizoziona kwa macho yangu ni tatu, zote mjini Tororo, upande wa Uganda, miaka michache baada ya uhuru. Riwaya ya safari za nyotani niliyoisoma mwenyewe ni moja, na niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa amri ya mtu mwingine. Nyingine zote nilisimuliwa na watu ambao nao walikuwa wamesimuliwa, na juu ya hizo sina ushahidi wowote. Lakini kuhusu hizo nne nina haki ya kusema: zilinichefua, na mpaka leo zinanichefua.

Filamu nilikwenda kuziona kwa sababu sikutaka kulaani kitu nisichokijua. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila Jumatatu walimu wenzangu walisimulia sinema ileile, kila mmoja kwa idadi yake ya maiti. Nikaamua kwenda kuhesabu mwenyewe. Maonyesho ya alasiri yalifanyika katika jengo la bati lililokuwa ghala la pamba, na watazamaji wengi walikuwa vibarua wa kiwanda cha saruji waliokuja moja kwa moja kutoka kazini, nyusi zao zikiwa nyeupe kwa vumbi.

"Leo mwalimu nakuja sinema!" mmoja akapaza sauti. "Mvua itanyesha tu."

"Mwache huyo," mwenzake akajibu. "Yeye nakuja kutoa alama."

Hakukosea sana, maana nilikuwa na penseli na daftari. Bastola ya shujaa wa sinema ile ilikuwa na matundu sita. Ilipiga risasi ishirini na tatu bila kujazwa. Alianguka kutoka juu ya paa, akainuka, akapangusa kofia. Alipigana ndani ya tope na shati lake likabaki jeupe. Vibarua wale, watu wazima wenye wake na mashamba, walisimama juu ya mabenchi wakimpigia kelele: "Nyuma! Iko nyuma yako!" Hayo yote ningeyavumilia kama upuuzi wa alasiri moja. Kilichonitia kichefuchefu ni kwamba watu kumi na tisa walikufa mbele ya macho yetu na hakuna hata mmoja aliyezikwa. Hakuna mama aliyeitwa, wala kaburi lililochimbwa. Kwetu mtu mmoja akifa, kijiji kizima huacha majembe kwa siku kadhaa. Pale farasi alipita juu ya maiti na ukumbi ukacheka. Filamu ya pili na ya tatu zilikuwa hivyohivyo, ila farasi walibadilika rangi.

Sasa nije kwenye riwaya, ambayo ilikaribia kunigharimu mke.

Binti niliyetaka kumwoa alikuwa wa Busia, upande wa Kenya. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Msamia kwa kabila, aliyefiwa na mkewe miaka miwili kabla. Mimi ni mtu wa Tororo na lugha yangu ni Dhopadhola, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Mazungumzo ya posa yalikuwa yamefika mbali: wazee wa pande zote mbili walikuwa wameridhika, kukabaki kutaja siku tu. Hapo ndipo mshenga wangu aliporudi na sharti la ajabu. Karani mmoja aliyehamishwa kituo alikuwa amesahau kitabu cha Kiingereza juu ya meza ya fundi, na fundi, ambaye hakujua Kiingereza, alikitazama kila siku akitamani kujua kilichomo. Binti alijitolea kumsomea, akakataa. Alitaka asomewe na mimi, kwa Kiswahili, mpaka ukurasa wa mwisho. Alimwambia mshenga kwamba mtu anayemchukua binti yake, yeye baba ni lazima kwanza amsikie sauti, akampa kitabu aniletee.

Kwa hiyo kila Jumamosi niliendesha baiskeli asubuhi nzima katika barabara ya vumbi mpaka Busia. Fundi alishika adabu za ukwe kwa ukali uliopita wa wazee wengine. Tusitazamane usoni, tusile pamoja. Yeye aliketi barazani mwa duka lake akielekea barabara, akikanyaga cherehani; mimi niliketi kwenye benchi nyuma yake. Nilimsomea mgongo. Kando yake ilisimama cherehani ya pili, ya marehemu mkewe, imefunikwa kwa kitambaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe juu yake. Nyuma yangu kulikuwa na dirisha, na ndani ya dirisha binti yake akipiga pasi na kusikiliza.

Kitabu chenyewe kilikuwa uchafu uliochapishwa vizuri. Daktari mmoja anajenga chombo cha shaba na kioo, anasafiri miaka saba, anafika katika nchi yenye majua mawili. Huko miti inatembea. Panga zinaimba. Mnyama ana vinywa vitatu, na kila kimoja kina maoni yake. Nilizipitia sura zake za mwanzo peke yangu usiku wa kuamkia Jumamosi ya kwanza na nikaona haya, kama mtu aliyekutwa mahali asipostahili kuwa. Nilikuwa nimeapa kuwafundisha watu kwamba kitu ni kweli kikiwa na shahidi. Sasa nikatakiwa kukaa barazani, hadharani, nikitamka kwa sauti yangu kwamba mti umepita mbele ya nyumba ya mtu.

Sikuweza. Nilikuwa nikitafsiri papo hapo, na hakuna aliyeniangalia, basi nikaanza kusafisha. Miti iliyotembea ikawa "walipita msituni." Majua mawili yakawa "jua lilikuwa kali." Mnyama wa vinywa vitatu akawa simba. Nilijiambia kwamba ninamwokoa mzee na upumbavu.

Jumamosi ya tatu cherehani ikasimama.

"Mwalimu."

"Naam, Baba."

"Huyu daktari kasafiri miaka saba."

"Ndiyo, Baba."

"Na mahali alipofika panafanana na Lumino."

Lumino ni mji mdogo jirani na Busia. Nikajibu kwamba huenda mwandishi hakuwa na mengi ya kusema. Fundi akaguna. "Lumino mimi naenda kwa miguu," akasema, na akaanza tena kukanyaga.

Siku ile, nilipokuwa nikifunga kitabu kwenye baiskeli, binti alitoka na pampu ambayo nilikuwa nimeisahau barazani. Alikuwa amesoma shule ya wasichana ya misheni, na Kiingereza chake hakikuwa na kasoro.

"Mwalimu," akasema taratibu, "ule mti uliotembea umeufukia wapi?"

Kumbe kila nilipokaribishwa kunawa uso, yeye alikuwa akifungua kitabu pale benchini na kukisoma. Nikamwambia kwamba mti ule ni uongo.

"Najua ni uongo. Nimeuliza umeufukia wapi."

"Siwezi kuyasema mambo hayo kwa kinywa changu."

"Basi sema huwezi. Lakini usimwambie Baba kwamba umesoma." Akanipa pampu. "Akijua, hatataja siku. Atasema mtu anayepunguza kitabu atanipunguza na mimi. Na mimi sitambishia."

Nilirudi Tororo nikiwa nimekasirika, na nakiri kwamba hasira hiyo ilikuwa juu yake. Niliona kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikitetea ukweli. Sikubadili kitu.

Sura za mwisho zilikuwa mbaya kuliko zote. Daktari amemwoa malkia wa nchi ile. Malkia anachomwa mshale, anakufa. Yeye anamlaza ndani ya chombo chake cha kioo, anazungusha magurudumu ya shaba, na malkia anafumbua macho na kuomba maji ya kunywa. Mimi ni Mkristo. Kusikia ufufuo ukifanywa kama ukarabati wa baiskeli kulinichukiza kuliko risasi zote za Tororo. Jumamosi ya mwisho nikasoma mpaka mshale, nikasema: "Malkia akafa. Daktari akamzika, akarudi kwao. Mwisho." Nilimpa angalau mazishi.

Cherehani ilikuwa imenyamaza tangu mshale. Fundi hakugeuka. Aliinua mkono akaushika ukingo wa kile kitambaa kilichofunika cherehani ya pili, akakinyoosha mahali ambapo hapakuwa na kunjo.

"Akafa tu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Zimebaki kurasa ngapi mkononi mwako?"

Hakuwa ameniona. Nadhani alisikia nilivyofunga kitabu, kabla ya jalada la nyuma. Ndipo sauti ikatoka dirishani.

"Baba, hajafa. Mwalimu, soma yaliyoandikwa."

Nikafungua. Nikasoma, neno kwa neno, magurudumu, kioo, macho, maji ya kunywa. Sauti yangu ilikuwa kavu na uso wangu ulikuwa moto. Nilipomaliza, watu wawili waliokuwa wakipita na mafurushi walikuwa wamesimama kusikiliza. Fundi aliwafukuza kwa mkono kama kuku.

"Mwalimu," akasema, "mimi si mtoto. Mke wangu nilimzika mwenyewe, najua mtu haamki. Lakini huyo aliyeandika alitaka aamke. Wewe ukamuua. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, Baba."

"Na simba yule alikuwa simba?"

"Hapana. Alikuwa na vinywa vitatu."

"Vitatu!" Mabega yake yakatikisika; kwa nyuma sikuweza kujua kama ni kicheko. "Na ukaninyima." Akaendelea: "Nilisema nisomewe kitabu mpaka mwisho. Wewe hujaanza. Rudi mwanzo."

"Jumamosi ijayo, Baba?"

"Sasa hivi. Jua bado liko juu."

Wapo watu wa Busia wanaosimulia kwamba siku ile alinifukuza kwa mkasi, na wengine kwamba nilipiga magoti barabarani. Hawakuwapo. Nilisoma mpaka jua likaelekea kuzama, na nikarudi Jumamosi nne zaidi. Sikupunguza kitu na sikuongeza kitu. Kila ukurasa ulinichefua kama mara ya kwanza, na sasa ulinichefua zaidi kwa sababu sikuwa tena na mahali pa kuuficha. Maoni yangu juu ya vitabu vile hayajabadilika: vimejaa uvivu, vinamtoza msomaji imani bila kumpa shahidi. Lakini nilipovipinga kwa kudanganya, mimi nilikuwa mwongo wa pili barazani pale, na yule wa kwanza, mwandishi, angalau alikuwa ameuonyesha uongo wake jaladani.

Siku ya harusi ilitajwa Jumamosi ya mwisho ya hizo nne, nikiwa nimekaa palepale, na fundi akiwa bado amenipa mgongo. Mke wangu hudai kwamba nilipofika kwenye ule mti mara ya pili, nilitabasamu. Sikuwa na kioo. Siwezi kulithibitisha hilo. Ninachoweza kukithibitisha ni kwamba niliusoma mti ule wote, mizizi yake ikichomoka topeni kama miguu ya ng'ombe, na kwamba cherehani haikulia hata mara moja mpaka nilipofika ukurasa wa mwisho.