Kompyuta Zinapokezana Mzigo, Wifi Zangu Wamenitupia Mie

Nimeuomba ukurasa huu uliweke jina langu pembeni, maana wifi zangu wanausoma, tena kwa sauti. Mie ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa Temeke, sina mtoto bado, na nasomea shahada ya pili ya kompyuta chuoni.

Mume wangu ana duka la kuchapa barua na fotokopi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Zimo kompyuta tano za mtumba. Utafiti wangu, nisiwachoshe, ni huu: hesabu kubwa ambayo mashine moja ingehangaika nayo wiki nzima naikata vipande, kila mashine inachukua chake wachapaji wakienda kula. Mwanzoni nililia! Mama mkwe akikuta mashine haina mtu mbele yake, anaichomoa na kuifunika kitambaa cha kudarizi. "Umeme wa bure huo?" Kazi yangu imepotea. Nikimweleza anacheka, kesho anachomoa tena. Basi nikaandika programu upya, mashine moja ikinyamaza, nyingine inaendeleza kipande chake bila kuambiwa. Msimamizi wangu aliipenda mpaka akanitafutia nafasi ya kwenda kumalizia Ulaya.

Hapo ndipo mama mkwe akapigwa na kiharusi, upande mmoja wote. Kumwogesha, kumvalisha, kumpeleka chooni, vyote mie. Mume wangu hawezi kumwogesha mama yake mzazi, hilo sote tunalijua. Msichana wa kazi mama kamkataa katakata: "Mgeni asinione utupu wangu." Wifi zangu wako wawili, mmoja anauza nguo Mbagala, mwingine kaolewa Kunduchi. Nikawaita, nikawapangia zamu kama zile mashine zangu, huyu akikwama yule aje. Wakaitikia vizuri tu, "Haina shida, wifi."

Juzi nikaenda chuoni, zamu ikiwa ya wa Mbagala. Narudi alasiri, harufu inanipokea mlangoni. Wa Mbagala hakuja, ati alipata mzigo mpya sokoni. Wa Kunduchi alijua mwenzake yupo. Mama kalala kwenye mkojo tangu asubuhi, machozi yanamtoka kimyakimya. Na mume wangu yuko chumba cha mbele, ukuta mmoja tu, anatoa fotokopi!

Nikamuuliza, "Hukumsikia akiita?"

"Nilimsikia. Nikampelekea chai, nikaiacha mlangoni."

"Mlangoni! Na anatembea?"

"Sasa ningefanyaje? Ni mama yangu. Na wewe si nilijua unarudi?"

Nilikuwa na hasira za kuvunja kitu. Nikachota maji nikamwogesha. Nampaka mafuta, akanishika kwa ule mkono wake mmoja mzima, akasema kwa taabu, "Mwanangu, usiniache na watoto wangu."

Jamani! Angekuwa mkwe mbaya ningeshafunga sanduku zamani. Lakini huyu ndiye aliyeunyamazisha ukoo mzima ulipoanza kuniuliza mjukuu. Aliwaambia, "Mwacheni asome kwanza." Nampenda, na nimechoka naye, yote mawili ni kweli.

Chuo kinataka jibu kabla ya mwezi kuisha. Mume wangu anasema, "Nenda, sikukatazi," halafu hapohapo anauliza tunapika nini. Wifi zangu wanasema kisomo kimenipa kiburi. Dukani kule mashine zinaendelea, ukichomoa moja leo zingine zinajua la kufanya. Mie nikichomoka hapa, namjua atakayelala kwenye mkojo ule.

Wasomaji wenzangu, nielekezeni, niende au nibaki? Na atakayesema nibaki aniambie na mpaka lini, kwa sababu kila nikihesabu, siku yangu ya kutoka ni siku mama atakapokufa, na mie sitaki mama afe.