Siku Kumi na Moja Kwenye Daraja

Sauti ninayoikumbuka zaidi kutoka likizo ile ni ya upanga kugonga ngao ya chuma. Ilitoka kwenye televisheni ya sebuleni kwa mama mdogo Roselida, mjini Homa Bay, katika nyumba iliyojengwa kwenye mteremko kiasi kwamba dirisha la nyuma lilitazama paa za jirani na, mbele zaidi, ziwa. Chini yetu wanawake walikuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, na jua lilipopanda harufu yake iliingia ndani, ikakaa kwenye mapazia na kwenye vitambaa vya kufunika makochi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Hatukuwa tumekuja kutembea. Tulikuwa tumetoka Magunga kwa sababu ya mkono wa mama.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani mwa duka moja pale Magunga, na sare nyingi za shule za sehemu zile zilipitia mikononi mwake. Asubuhi moja, akiwa anakata kitambaa cha sketi, mkasi ulimponyoka. Aliinama kuuokota na vidole vikakataa kufunga. Hospitalini walisema ni kiharusi kidogo, kwamba alikuwa na bahati kwa kuwa ulimi na mguu vilisalimika, na kwamba mkono wa kulia ungerudi ukifanyishwa kazi. Alitakiwa kuonana na mtaalamu wa mazoezi huko Homa Bay mara moja kwa wiki, na siku nyingine afinye mpira wa kitambaa mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni. Aliufinya siku mbili. Siku ya tatu niliukuta chini ya kiti, na nilipompelekea alisema yeye si mtoto mchanga wa kupewa cha kuchezea. Baada ya hapo alikaa dirishani, mkono ukiwa mapajani kama kitu alichoombwa na mtu amshikie.

Gemu lilikuwa la Omondi, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa kidato cha tatu. Baba yake alimletea mashine ile kutoka alikofanya kazi, na pamoja nayo diski moja tu: hadithi ya mpiganaji anayetembea peke yake katika nchi iliyoharibika, akipigana na mazimwi na kuongeza nguvu kidogo kidogo. Omondi alinifundisha kwa sababu alichoka kucheza bila mtazamaji. Mafunzo yake yalikuwa mafupi. Mstari mwekundu ni uhai wako, wa kijani ni pumzi yako, na wanaoanza hufa kwa sababu wanautazama mwekundu na kuusahau wa kijani. Usibonyeze kila kitu kwa pamoja. Chupa ya dawa usiinywe adui akiwa karibu. Ukifa, ulichokusanya kinabaki pale ulipoangukia, kwa hiyo rudi ukakichukue kwanza kabla ya kutafuta kisasi. Na kila ukiuona moto wa kambi, kaa hapo, kwa kuwa ni pale tu ndipo gemu linapoihifadhi safari yako. "Usikuwe na pupa," alikuwa akiniambia. "Hili gemu linakula watu wa pupa." Mama mdogo alikuwa Msabato, na kila Ijumaa kabla jua halijazama aliifunika mashine kwa kitambaa, na hakuna aliyeigusa hadi Jumamosi jioni.

Mama hakuwahi kusema lolote kuhusu gemu, lakini wiki ya pili niligundua kwamba kiti chake kilikuwa kimegeuka kidogo kutoka dirishani. Siku moja Omondi alipotoka kwenda kuoga, mama aliuliza kwa Kijaluo, lugha tuliyozungumza nyumbani, "Hicho kidude kinataka vidole vingapi?"

Nilimwambia kinataka magumba mawili, na vidole viwili vya mbele.

"Basi lete."

Niliiweka rimoti mikononi mwake. Gumba la kulia lililala juu ya vibonyezo bila kusogea, akawa analisukuma kwa kiganja kizima. Mpiganaji alizunguka akitazama ukuta. Nilimwambia ageuke, nikamwambia akimbie, nikamwambia hapana, si hapo, na mbwa wa kwanza kabisa katika gemu, ambaye hata mtoto wa darasa la pili angemmaliza, alimuua mara sita. Mara ya saba niliinyakua rimoti kutoka mkononi mwake. "Mama, wewe huwezi," nikasema, na nikamuua yule mbwa kwa mapigo mawili.

Aliinuka, akaenda nje, akakaa kwenye ngazi za jikoni. Niliendelea kucheza. Nakumbuka kwamba niliendelea kucheza, na kwamba nilicheza vizuri.

Asubuhi iliyofuata Omondi alienda tuisheni na mama mdogo akaenda sokoni. Mama alikuja akakaa kwenye mkeka mbele ya televisheni, si kwenye kochi. "Washa," akasema. Kisha akaongeza, "Leo utakaa hapo ulipo. Niambie kwa mdomo. Mkono wangu usiuguse."

Nilikaa nilipoambiwa. Ilimchukua asubuhi nzima kumshinda mbwa, na siku tatu kufika kwenye daraja la mawe ambalo katika gemu lile ndilo lililowarudisha nyuma wanaoanza. Darajani kulikuwa na mlinzi mkubwa mwenye rungu na mkia, na hakuna njia ya kumkwepa. Omondi mwenyewe alikuwa amekwama hapo muhula mzima uliotangulia, na hadi wakati huo hakuwa amepita. Nilimweleza mama kila nilichofundishwa, na yeye akanisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wateja wake, uso umeinama, bila kuonyesha kama amekubali au la.

Halafu akafanya jambo ambalo hatukuwahi kulifikiria. Aliniomba nishike rimoti, nimwingize mpiganaji darajani na nimwache auawe bila kupigana. Alitaka kumtazama mlinzi tu. Tulikufa hivyo siku nzima. Alichukua daftari lake la vipimo, lile lenye viuno na mabega ya watu wa Magunga, akalifungua ukurasa wa nyuma na kuandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi zilizolala kama majani yaliyokanyagwa: bega linashuka, hesabu mbili, rungu. Mkia unakunjika, hesabu moja, rudi nyuma. Anapumua, hesabu nne, hapo piga mara mbili tu. Nilimuuliza kwa nini mara mbili na si tatu, maana nafasi ilikuwepo.

"Ya tatu ni ya tamaa," alisema. "Pumzi inaisha, na yeye anakuwa amemaliza kupumzika."

Aliniambia pia tumvue mpiganaji nguo za chuma tulizokuwa tumejivunia kuzipata. Mtu hawezi kugeuka haraka katika nguo isiyomkaa, alisema. Omondi aliporudi na kumkuta mpiganaji amevaa kitambaa alicheka. "Anti, huyo atakufa na pigo moja."

"Akiguswa," mama alijibu.

Tulirudi pia nyuma, kwa mbwa wale wa mwanzo, tukapigana nao asubuhi tatu mfululizo ili mpiganaji aongeze nguvu. Omondi aliona ni aibu. Mimi pia, moyoni, niliona hivyo. Lakini ilikuwa kwa mbwa wale, siku ya tano au ya sita, nilipoona gumba la kulia la mama likijikunja lenyewe na kushuka juu ya kibonyezo. Aliliona pia. Hakusimamisha gemu wala kunitazama. Alingoja kidogo, akalikunja tena.

Siku ya kumi na moja tangu tufike darajani, ukiondoa Sabato, ilikuwa ya mwisho. Kesho yake tulikuwa turudi Magunga kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Tulianza baada ya chai. Mama alihesabu kwa sauti, moja, mbili, kando, moja, nyuma, moja, mbili, tatu, nne, piga, piga, toka. Jasho lilimtiririka kwenye kidevu. Nilikuwa nimekalia mikono yangu. Mstari wa mlinzi ulipobaki mwembamba kama uzi nilitaka kumwambia amalize, apige ya tatu, na sikusema. Alipiga mara mbili, akatoka, akahesabu tena. Mlinzi alipiga goti, akaanguka, na daraja likawa wazi. Ng'ambo yake, mbali kidogo, moto wa kambi ulikuwa ukiwaka.

"Nenda kwa moto, mama," nikasema. "Polepole. Ukikaa tu, imehifadhiwa."

Alikuwa amefika katikati ya daraja umeme ulipopotea. Friji jikoni ikanyamaza, na kwenye kioo cheusi cha televisheni nikatuona sisi wawili tumekaa mkekani. Umeme ulirudi jioni, nikawasha, na mlinzi alikuwa amesimama mahali pake, mzima. Nililia. Omondi aliposikia alisema kila mtu anayeshindwa husema umeme ulipotea. Nilimgeukia mama ili anitetee, lakini alikuwa akikunja nguo zetu kwenye begi, mkono wa kulia ukisaidia kushika ncha za kitambaa. "Nyathina, mwanangu," aliniambia, "wewe ulikuwepo. Inatosha."

Mkono ulirudi, lakini si wote. Aliweza kuelekeza kitambaa chini ya sindano na kufunga vifungo vyake. Mkasi mkubwa alijifunza kuushika kwa kushoto, na mtaalamu wa mazoezi alisema hakutarajia hata hayo. Mimi sasa nafanya kazi Migori na nina simu inayojibu swali lolote kabla sijamaliza kuliandika. Juzi juzi nilitafuta gemu lile, nikapata video nyingi za mafunzo kwa wanaoanza. Katika mojawapo kijana mmoja, akizungumza bila kusita, anamwangusha mlinzi wa darajani kwa muda usiofika dakika moja, na anaelezea mambo yaleyale: mtazame kwanza, vaa nguo nyepesi, piga mara mbili. Mtu akianza leo hana haja ya kufa siku nzima ili ajue. Siwezi kusema hilo ni baya. Sisi tungekuwa na video ile tungeitumia.

Niliiacha iendelee hadi ng'ambo ya daraja, nikaona kwa mara ya kwanza kilichokuwa huko. Kisha nikampigia mama simu, nikamweleza kwamba baada ya ule moto kuna kijiji kidogo chenye kisima, watu wanauza vitu, na hakuna adui hata mmoja.

Nilisikia kuku wake nyuma.

"Basi tungepumzika," akasema.